Pezi na Nukta Mbili

Kwenye droo ya mizani, mwaloni Kirumba,
chini ya daftari la kilo na majina,
nina kurasa kumi na tisa za fotokopi.
Zimeshika shombo, haitoki hata kwa jua.
Ni maandishi ya Wamaya, watu wa mbali,
waliochonga silabi zao kwenye mawe
na kuzichora ubavuni mwa vikombe vya kakao.

Nilianza na samaki. Mtu wa hapa angeanza na nini?
Samaki mzima, jicho, mkia: hutamkwa ka.
Ukurasa wa pili samaki hayupo.
Pana kitu kama kitana, meno juu,
na pembeni pameandikwa: hiki pia ni ka.
Nikakasirika. Wiki nzima nilikasirika.

Hadi Jumanne, Kalunde wa mapanki
alipomwaga ndoo yake mbele ya meza:
vichwa, miti ya migongo,
minofu imeshapanda ndege bila kuaga.
Katikati pezi moja limesimama, meno juu.
“Hiki nini?” nikamuuliza.
Akanitazama kama anayepima homa.
“Sangara.”
Hakusema pezi, hakusema mfupa.
Sangara.

Tangu hapo nasoma polepole.
Ishara iliyokuwa duara tupu
kesho inakuja na pua, mdomo na kilemba,
keshokutwa ina mwili mzima, imekaa, imekunja miguu,
na sauti yake ni ileile.
Mwandishi wao, nadhani, aliona haya kurudia umbo,
kama sisi tunavyoona haya kuvaa
kitenge cha sendofu tena kwenye harusi.

Benki haina haya hiyo.
Shigela amerudi kutoka Goziba, miaka kumi na miwili,
gumba limelika kwa kamba za nyavu,
sahihi yake imebaki mkwaruzo na kitanzi.
Dirisha namba tatu wakaiweka kando ya ile ya zamani,
ya ujana, yenye mkia mrefu na mistari miwili chini.
“Hailingani, mzee.”
Mzee! Ana miaka thelathini na tisa.

Nami niliyemcheka karani yule moyoni,
niseme ukweli:
siku aliposhuka kwenye boti nilimpita.
Nilimpita mara mbili.
Ndevu zina mvi, bega moja limeshuka,
nami nilikuwa natafuta samaki mzima.
Kisha akakohoa nyuma yangu,
kikohozi cha baba, kifupi, kikavu,
kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba asiyotaka kuingia.

Ukurasa wa kumi na nne una nukta mbili ndogo
zimekaa begani mwa ishara.
Maana yake: nisome mara mbili.
Samaki, nukta mbili. Ka, ka.
Kwao ndivyo linavyoanza jina la kakao.
Najua lugha hizi hazijawahi kusalimiana,
sibishani na mtu.

Lakini jana Shigela alipokuja kuchukua ujira wake wa kupakua,
safu ya mpokeaji ikiwa wazi inasubiri,
sikumwomba sahihi.
Nilichora pezi, meno juu,
begani nikaweka nukta mbili.

Mkaguzi anakuja Ijumaa.
Na aulize.