Raundi ya Nne

Bendeji ina urefu wa mita nne na nusu.
Naijua kwa vidole, si kwa rula:
kitanzi kwenye gumba, mara tatu kifundoni,
kisha kati ya vidole, pole pole,
kama unayemsuka mtoto asiyetulia.
Mervyn hakuwa mtu wa kutulia.
"Umekaza, Dympna?" Kila mara hivyo.
Nimekaza.

Klabu yetu ilikuwa juu ya duka la rangi,
Belfast, paa linavuja ndoo mbili kwa siku,
na mlangoni mzee Tierney ameandika kwa chaki:
BENDERA NA MATOPE, VIBAKI NJE.
Vijana wa mtaa wetu na wa mtaa wao
walitema mate ndoo moja,
na jino, mara moja moja.
Wakishuka ngazi, hawajuani.

Ukuta uliotutenga waliuita wa amani.
Mimi ni mkubwa kuliko huo ukuta:
pale uliposimama palikuwa na bucha,
mama akinituma maini kila Jumatano.
Amani gani hii
inayoongezwa matofali kila mwaka?

Kaka yangu Eunan alikuwa gerezani, mwaka wa saba.
Baba yake Mervyn alikuwa polisi;
miguu yake aliiacha chini ya gari lake mwenyewe,
asubuhi, ufunguo mkononi.
Hayo hatukuyasema. Nilifunga mikono.
Wa kulia ulikuwa na mfupa uliounga vibaya,
kijilima kidogo nilichokipitia kwa kidole
mara nyingi kuliko kazi ilivyodai.
Husemwa penzi ni kikohozi, halifichiki.
Lakini mji wetu ni wa unyevu, kila kifua kinakohoa.
Tulidhani tutajificha humo humo.

Ijumaa ya Novemba. Watu mia sita:
wao kushoto, sisi kulia, katikati kamba.
Na mimi nimeshika ndoo kwenye kona ya Mervyn,
mpinzani wake Lorcan Devenny,
tuliyekula komunyo ya kwanza siku moja.
Nilisikia jina langu likitajwa nyuma,
si kwa wema.
Raundi ya nne, nyusi ya Lorcan imepasuka,
kengele ikalia kabla ya wakati.
Kuna sauti kwenye simu. Imetoa dakika kumi.

Basi tukatoka wote, mvuani,
refa na filimbi yake, wauza tiketi, mapadri wawili,
na mabondia vifua wazi wakitetemeka
chini ya koti moja alilowatupia mtu.
Mervyn akaninyooshea mkono.
Glavu haina vidole.
Inaweza kugusa, inaweza kupiga;
kushika haiwezi.
Nikazichukua zote mbili kwa viganja vyangu,
zikifuka mvuke kama viazi vilivyomenywa.
Na watu mia sita wanaongoja mlipuko,
wasio na kingine cha kutazama,
wakatutazama.

Ilikuwa katoni ya soksi.

Jumapili mlango wa mama ulipakwa neno.
Rangi niliitambua: kijani cha duka la chini,
kopo la rafu ya pili.
Mama akasugua kwa mafuta ya taa hadi adhuhuri,
hakunena. Kisha, akikamua kitambaa:
"Meno yake yote yapo?"
"Mawili hayapo."
"Haya," akasema, akaendelea kusugua.

Pambano halikurudiwa.
Kwenye daftari la refa, mstari wa mshindi
mpaka leo ni mweupe.
Mervyn yuko Liverpool, anabeba magunia gatini,
jioni anapigana. Ameandika barua fupi:
huku anafungwa na mtu mwingine,
na huyo mtu hajui kukaza.

Eunan amebakiza miaka miwili.
Meli huondoka saa nne usiku.
Nauli nimeihesabu, nikairudisha koponi,
nikaitoa tena:
mara tatu, kama kifundoni.