Mizani ya Ndoo

Asali ya Sikonge imeingia, Juni hii,
na Kalunde, binti wa kaka yangu, amefunga shule.
Ananisaidia kupima. Ndoo kwenye ndoana,
mshale unatetemeka, unatulia: ishirini na nane.
"Shangazi," anasema, "ndoo hii
tukiipakia chombo cha kwenda nyotani,
mshale utasoma hivihivi."

Namwambia huko juu watu huelea kama manyoya.
"Hao wamezima injini. Sisi hatuzimi.
Tunakaza mwendo, tukishakaza tunakaza tena,
kwa kipimo kilekile furu linachochumia kasi
likidondoka mtini.
Sakafu itakusukuma nyayo
kama ardhi ya Isevya inavyokusukuma sasa."

Nikaitazama miguu yangu.
Miaka hamsini na tisa nasukumwa
na sikuwahi kuuhisi mkono.

Anaandika kwa chaki kwenye kifuniko cha pipa.
Mwaka mmoja wa kukaza hivyo
na mwanga tunaunusa kisogo.
"Tutaupata?"
"Hatuupati. Kila tukiongeza,
kinachoongezeka ni kidogo, halafu kidogo cha kidogo,
kama asali ya mwisho inavyoteremka ubavu wa ndoo.
Kinacholegea ni saa."

Nyota yake ameshaichagua, ile nyeupe-buluu
inayochomoza jioni juu ya paa la stoo ya tumbaku.
Nusu ya njia kukaza.
Nusu ya pili chombo kinageuzwa, kitako mbele,
injini ileile sasa inatuzuia,
na ndoo haina habari: ishirini na nane.
Kwenda na kurudi, kwa saa iliyofungwa kwenye ndoo,
miaka kumi na mitatu.
Kwa saa ya stesheni ya Tabora, hamsini na minne.

Ipi inadanganya?
"Hakuna, Shangazi. Zote zinasema kweli."

Hapo nikamkumbuka Mihayo Kasanda.
Alichukua ndoo sita kwa mkopo
akapanda treni ya Mpanda: "Jumamosi nakuja."
Jumamosi zikapita, nikaacha kuzihesabu,
nikazika mume, nikaezua bati, nikaezeka jingine.
Mwaka wa kumi na tisa akasimama hapa mbele ya meza,
shati limepigwa pasi, uso hauna hata kunyanzi,
akacheka: "Dada, si juzi tu nilichukua mzigo?"
Akanihesabia pesa, bei ya siku ile, shilingi kwa shilingi.
Haikutosha ndoo moja.
Kwake juzi. Kwangu ndoo tano na ushei.

"Basi na riba nayo uipigie hesabu," nikamwambia Kalunde,
"maana hiyo nadharia yako naona wadaiwa wataipenda."
Alicheka mpaka chaki ikamponyoka.

Treni ya Kigoma ilipiga honi,
imechelewa saa nne,
na hapo hapakuhitajika nadharia.

Kisha mimi ndiye nikaharibu.
Nilijumlisha kwa vidole, kimyakimya, halafu kwa sauti:
"Ukirudi una thelathini na mmoja.
Mimi nina mia moja na kumi na tatu.
Utanikutia wapi?"

Hakujibu. Alifuta kifuniko kwa mkono wa sweta,
lakini kumi na tatu ilibaki, hafifu,
na hamsini na nne ilibaki.
Nyuki mmoja alitembea juu ya tarakimu,
akatafuta, akakosa, akaenda zake.

Jioni nilitenga ndoo moja, ya maua ya muyombo,
ile nzito isiyomwagika haraka.
Asali haiozi; itaganda tu, iwe nyeupe, isubiri.
Nikaandika ubavuni kwa rangi ya mafuta:
KALUNDE. KILO 28. HAIJALIPWA.

Na kwenye daftari la madeni, mahali pa tarehe ya kulipa,
nikaacha wazi.
Akaniuliza kwa nini.
Nikamwambia sijui niandike kwa saa ya nani.