Koili ya Elfu Tatu

Mara tatu Fundi Ruhoza aliisokota,
ncha kwa ncha, kama mtoto anayeunga uzi wa kishada,
na mara tatu ikakatika palepale, kando ya fundo,
ugali ukiwa ndiyo kwanza unashikana.
Mara ya nne akasema: jiko limechoka, Mama Sikitu,
nunua jingine.
Nilimtazama viatu.

Sokoni Mwanga nikauliza bei ya jiko,
nikakaza upya fundo la kanga yangu.
Kijana wa duka la vifaa akavuta droo,
akatoa koili mpya, imejikunja ndani ya nailoni,
fupi, haizidi shubiri.
"Hii ndiyo roho yake," akasema. "Elfu tatu."
Roho, elfu tatu. Nikalipa bila kuomba apunguze,
jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Nyumbani Gungu. Kwanza nikachomoa waya ukutani,
nikauweka mezani niuone kwa macho,
maana umeme hauna haya,
na shemeji yangu Yasini ana kidole hadi leo
hakijui baridi wala moto.
Nikalipindua jiko juu ya gazeti.
Likatapika: kichwa cha dagaa, punje za mchele,
kifungo cha shati la shule, kimeyeyuka upande,
kile Kasimu alichochapiwa kwa kukipoteza.

Skrubu zilikuwa na kutu, hazisikii la mtu.
Nikazidondoshea mawese, tone tone,
nikaenda kufua, nikarudi,
zikageuka kama mgonjwa aliyebembelezwa.
Ndani, waya wa zamani ulikuwa mweusi, mwepesi,
unavunjika vidoleni kama tambi mbichi.
Nikahesabu mafundo ya Ruhoza: matatu,
kila moja limeungua ubavuni.
Siku zote hizo nilikuwa nalipia fundo.

Koili huivuti kwa hasira.
Nililaza uzi wa kushonea ndani ya mfereji wa kigae,
ukazunguka kama konokono hadi katikati,
nikautoa, nikaupima sakafuni:
toka kizingiti mpaka mguu wa kitanda.
Sikitu akashika ncha moja, mimi nyingine,
tukaachana kinyumenyume, polepole,
kama watu wanaokunja shuka.
"Isibanane popote," nikamwambia.
"Inapobanana ndipo inapowaka kupita kiasi,
ndipo inapokatika."
Akauliza: kama baba?
Sikujibu. Nilikuwa na ushanga wa kigae mdomoni.

Nikailaza. Nikazivisha ncha zake ule ushanga,
nikakaza, nikalizungusha jiko nikikagua
kama kuna waya unaogusa bati,
kwa sababu bati likiguswa, jiko zima ni mdomo wa swila.
Kandambili za raba miguuni, mkono mmoja mgongoni,
nikachomeka.

Giza.

Mtaa mzima. Hata redio ya Mzee Bukuru
ikanyamaza mpira ukiwa golini.
Nikakaa chini. Mungu wangu, nimeizima Kigoma.
Kisha nikamsikia jirani anaitukana Tanesco
kwa sauti ya mtu aliyezoea,
nikacheka mpaka Sikitu akanishika bega.

Saa tisa usiku nikaamshwa na wekundu:
duara ndani ya duara, unang'aa jikoni peke yake,
unanuka vumbi na mawese yanayoungua,
bila pengo.
Nilikuwa nimesahau kuchomoa. Kosa hilo, najua,
nisingemsamehe fundi yeyote.

Nikabandika sufuria.
Chai ya saa tisa, ambayo hakuna aliyeiomba.
Maji yalipoanza kuimba nikachukua ule uzi wa kupimia,
nikatunga sindano kwa mwanga wa koili,
nikakishona kile kifungo mahali pake,
kwenye shati ambalo Kasimu
halimwingii tena mabegani.