Mia, Toa Saba

Bombo, ghorofani, chumba chenye feni moja,
daktari kijana alimwambia Shekigenda:
"Mzee, anza na mia, toa saba, kisha endelea kutoa."
Tisini na tatu, akasema, upesi, kama zamani.
Kisha kimya.
Nikahesabu mimi moyoni, themanini na sita, sabini na tisa,
nikafika mbili, nikamsubiri.
Yeye bado yupo tisini na tatu, mguu mmoja ndani.

Akapewa karatasi achore saa.
Namba zote kumi na mbili zikajazana upande wa kulia
kama watu waliokimbilia mvua kwenye kibaraza kimoja.
Aonyeshe saa tano na dakika kumi:
mshale mfupi akauelekeza kwenye tano.
Hapo nikamtetea. Daktari, sisi umri wetu wote
tunatazama kumi na moja tukisema tano.
Aliyechoka kugeuza ana kosa gani?
Daktari akacheka, lakini kalamu yake iliandika.

Miaka ishirini na sita alikuwa tarishi wa telegramu,
baiskeli nyeusi ya Posta, kengele, mkoba wa ngozi,
Ngamiani yote kichwani, Barabara ya Kwanza hadi ya mwisho,
na vichochoro visivyo na namba
alivyoviita kwa majina ya mbwa wanaouma.
Hakuwahi, nasema hakuwahi, kupeleka msiba wa Barabara ya Tisa
kwenye harusi ya Kumi na Tisa.

"Nyumba nyingi bado zipo," daktari alinichorea
nyuma ya kadi ya kliniki, vidoti na vistari,
"na watu wamo. Tatizo ni njia kati ya nyumba na nyumba.
Habari inatoka, haifiki,
au inafika kusiko kwake."
Nikaitazama ile kadi, nikaijua.
Ngamiani, bila tarishi.

Siku hizi anasema kama mtu anayelipia kila neno.
Chai. Baridi. Nani yule.
(Yule ni mtoto mwenye kanzu anayekaa juu ya pipa la maji,
mimi simwoni. Wifi yangu anataka pafukizwe ubani.
Mimi nimeshamzoea, hana fujo.)
Mwandiko wake ulikuwa siafu, sasa ni sisimizi,
na mwisho wa mstari haupo.
Mlangoni hugoma: nyayo zimegandia sakafu,
kifua kimeshatangulia uani.

Basi nikachukua chaki ya mjukuu,
nikachora mistari toka kitandani hadi msalani,
nikaitia namba.
Anavuka mmoja. Anavuka wa pili.
Miguu inayomkatalia mwenyewe
inaitii chaki.
Wa saba hufutika kila ninapodeki; pale husimama,
nami nachora upya, magoti yananilaani.

Jumanne nilikuta kitanda kitupu.
Alikuwa juu ya baiskeli ya Semhando fundi,
mtu asiyeweza kuvuka kizingiti,
anakanyaga pedali kuelekea Kumi na Mbili,
shingo imenyooka, watoto nyuma yake,
nami nyuma ya watoto, kandambili mkononi,
nikilia na kutukana.
Alikata kona pale penye mashine ya kusaga, hakuyumba.
Akarudi. Akasimama mbele ya nyumba yetu, Barabara ya Nane,
akapiga kengele.

"Simu," alisema.
"Ya nani?"
Akanitazama. Nilimwona akiingia njia hii, imezibwa,
akirudi, akijaribu nyingine,
jina langu mkononi.
Jirani alikuwa anafua shati; akalisuuza, akalikamua, akalianika.
"Kumi na Saba," alisema mwishowe.
"Msichana wa mlango wa kijani."

Mlango wa kijani ulikuwa wa kwa marehemu baba.
Uling'olewa, ukauzwa.
Nikanyoosha mkono, nikapokea kiganja kitupu,
kimeshaanza tena kutetemeka,
na kwa kidole, juu yake,
nikatia sahihi.