Pambizoni

Hadithi yenyewe ina kurasa kumi na moja tu.
Mume na mke, nyika ya Dakota, mwaka wa theluji kuu,
nyumba ya mabonge ya udongo,
mizizi ya nyasi ingali inaning'inia darini.
Mume amefunga kamba toka mlangoni hadi zizini
ili tufani ikimfumba macho, mkono umrudishe.
Anakwenda kulisha ng'ombe. Anarudi. Anavua buti.
Mlango umekomewa, supu iko mezani,
ndipo kamba inapovutwa kutoka nje.
Mara moja.
Mara ya pili.
Mara ya tatu,
na hapo mwandishi anatia nukta, anakwenda zake.

Mimi kazi yangu ni gundi na uzi.
Vitabu vya maktaba ya mji wetu vikivunjika mgongo
huletwa kwangu, chumba cha chini, jirani na boila.
Hiki nimekishona mara nne.
Huvunjika pale pale, ukurasa wa tisini na nne,
kama farasi asiyekoma kujikwaa shimo moja.

Na pambizo zake zimejaa watu.

Wa kwanza aliandika kwa penseli,
herufi zimelala upande mmoja kama ngano baada ya mvua:
"Usifungue."
Chini yake, wino wa buluu:
"Fungua, mjinga wee, ni jirani."
Mwingine hakuandika neno. Alichora kamba
toka nukta ya mwisho hadi ukingo wa karatasi,
akaiachia hapo.
Kisha Orrin Haugstad, daktari wa mifugo,
maana nani mwingine hufanya hesabu kwa hasira:
"Katani ya nusu inchi, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
huganda ikawa chuma. Haivutiki. Upuuzi."
Upuuzi kaupigia mstari mara mbili.
Lakini ndiye aliyekiazima majira matano ya baridi mfululizo;
kadi ya maktaba haijui kuficha siri.

Binti wa Solveig Rustad, darasa la saba,
alikirudisha siku ile ile.
"Haitishi," akasema, akiangalia dirisha.
Halafu akaniuliza natoka kazini saa ngapi,
na kama njia yangu inapita kwao.
Haipiti. Nikampeleka.

Jioni ya wasomaji, mchungaji akatufafanulia:
anayevuta ni dhambi ya mume, inadai chake.
Mkewe akaweka kijiko chini.
"Anayevuta ni mume," akasema.
"Niambieni nyie, yule aliyevua buti ni nani?"
Tukapigwa na bumbuwazi. Kahawa ikapoa vikombeni.
Mchungaji alicheka, peke yake, kisha akaacha.

Marvella Yellow Bird alikuwa wa mwisho kusema.
Hakuugusa ule mwisho. Alirudi mstari wa kwanza,
akausoma polepole, kama mtu anayesoma risiti:
"Nchi ilikuwa tupu pande zote."
Akanyamaza kidogo.
"Bibi yake bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya mto huo,
majira hayo hayo. Mmepima kamba, mmepima baridi.
Kurasa kumi na moja mnajiuliza nani yuko nje."
Akavaa glavu zake.
Hakuandika kitu kitabuni. Si changu, alisema,
nami sijui alikuwa anasema kitabu au nini.

Mimi pia sijaandika. Fundi haachi alama.
Ila nitakiri jambo moja, usiku huu boila inaponguruma
na theluji imefunika nusu ya kidirisha changu:
mshono wa kitabu hukazwa kwa kuvuta uzi mara tatu.
Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nifanyavyo vitabu vyote.
Hiki, nikifika ukurasa wa tisini na nne,
navuta mara moja,
navuta mara ya pili,
nafunga fundo.

Ndiyo maana, nadhani, huvunjika pale pale.