Siku Tatu za Kukodi

Duluth, Agosti. Bustani ya manispaa
imekodishwa siku tatu kwa kampuni ya bia.
Wameizungushia kamba ya plastiki, rangi ya chungwa.

Bi Maren Tollefsrud, dereva mstaafu wa basi la shule,
kasimama kando ya bomba la maji ya kunywa
na kadibodi yake: MSITUFUNGIE ZAHANATI.
Hasemi neno. Anakula tufaha.

"Mama, hapa pana mpangaji," askari anamwambia, kwa upole.

"Mmepangisha nyasi," anamjibu.
"Na mdomo wangu, mmeupangisha kwa bei gani?"

Askari anafunua mkataba, ukurasa wa nne, wa tano,
anatafuta palipoandikwa mdomo.

Tufaha limebaki mbegu.
Anauliza pipa la taka liko wapi,
na kama nalo
bado ni la umma.