Glavu ya Kushoto

Februari, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Kituoni, barabara ya Selkirk, tumeshuka,
ndipo Shani anauona mkono wake mtupu:
glavu ya manjano, ya kushoto,
basi linaondoka nayo sakafuni,
naye analia kana kwamba limechukua na vidole.

Ana miezi thelathini na mmoja.
Asubuhi ile nesi Kowalchuk alimpima urefu na kichwa,
akaniambia, macho kwenye karatasi zake:
siku kama ya leo hataikumbuka.
Ubongo bado unajenga ghala, alisema,
na fundi akiwa juu ya paa
mzigo haupangwi.

Basi yanakwenda wapi, nikauliza, haya yote?
Akafikiri, kalamu mdomoni.
Miguu inakumbuka kutembea.
Ngozi inajua nani huja mtoto akilia.
Picha ndizo hazina rafu.

Nilitoka pale nimejivuna kidogo,
maana mimi yangu ninayo, ya miaka miwili:
Korogwe, uani, beseni jekundu,
mbuzi wa jirani anatafuna pindo la kanga ya mama,
na mama anacheka hadi anakaa chini, puu,
mikono yote povu.

Usiku nikampigia dada Mwajabu nimsimulie.
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
Kisha kicheko, kilekile cha mama:
"We! Aliyekuwepo ni mimi.
Wewe hata mimba yako haijaingia.
Na beseni lilikuwa la bluu."

Nilikaa jikoni, mabomba ya hita yakigonga,
nikimtafutia mbuzi yule mlango alioingilia.
Nilisikia habari zake mara ngapi, nikiwa kwapani mwa nani,
kabla sijajiweka uani mwenyewe?
Nani alilipaka beseni rangi?
Hata sasa, najua, na bado naliona jekundu.

Kumbukumbu ni kiporo.
Kila ukikipasha unaongeza maji,
chumvi ya leo, kitunguu cha leo,
ukila unaapa ni chakula cha jana.

Machi. Theluji imekuwa tope la kijivu.
Shani amepata neno jipya, *jana*,
na kwake kila kilichopita ni jana:
kuzaliwa kwake, kifungua kinywa, Krismasi.
Ninamvalisha buti, naye anaitazama glavu ya kulia,
ile mjane, kwenye msumari wa mlango.

"Jana basi lilikula glavu."
Lilikula?
"Lilikula. Mama ukalia."

Mimi sikulia. Nilimpulizia vidole,
nikampakata ndani ya koti langu hadi nyumbani,
na hilo halimo.

Nilifungua mdomo nimsahihishe.
Nikamuuliza basi lilikuwa na meno mangapi.

Akahesabu polepole, kwa mkono wa kushoto:
"Moja. Mbili. Saba."